Mstari kwa mstari: uhakiki wa mfuatano wa matukio ya msimu wa vimbunga vya Atlantiki wa 2005

Usuli

Kisa hiki kinahusu makala moja ya kamusi elezo ya mtandaoni, toleo la Kiswahili, iliyoorodhesha kwa tarehe na saa yaliyotokea katika msimu wa vimbunga vya Atlantiki wa mwaka 2005. Majina ya wahusika, tarehe za majadiliano na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Vimbunga vyenyewe sikuvificha, maana bila hivyo kisa hakina cha kufundisha. Waliohusika nitawaita Mwandishi, Mhakiki wa Kwanza na Mhakiki wa Pili. Mimi nilikuwa mratibu: napanga foleni ya makala zinazosubiri, natafuta watu wa kuzisoma, na mwishoni nasema kama makala imepita au irudi.

Msimu wa Atlantiki huhesabiwa rasmi kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Ule wa 2005 haukuijali kalenda. Ulifunguliwa na Arlene mnamo Juni 8 na kufungwa na Zeta, dhoruba iliyozaliwa Desemba 30 na kufifia Januari 6, 2006, wakati watu wameshaanza mwaka mwingine. Kati ya hizo mbili, mifumo 28 ilifikia nguvu ya dhoruba, 15 ikawa vimbunga, 7 vimbunga vikubwa, na minne, yaani Emily, Katrina, Rita na Wilma, ikafika daraja la 5, la juu kabisa katika kipimo cha Saffir-Simpson. Orodha ya majina ya mwaka ina majina 21 tu. Wilma lilipochukuliwa katikati ya Oktoba, Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilichopo Miami kikahamia herufi za Kigiriki, kuanzia Alpha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliufuta utaratibu huo wa Kigiriki mwaka 2021, lakini mwaka 2005 ndio ulikuwa unatumika kwa mara ya kwanza.

Jambo moja la usuli ni lazima lieleweke kabla ya kuendelea, kwa sababu nusu ya ugomvi ilitoka hapo. Kituo cha Miami hutoa nyaraka za aina mbili. Kimbunga kikiwa baharini hutolewa taarifa za papo kwa papo, kila baada ya saa chache, kwa ajili ya watu wanaotakiwa kuhama. Msimu ukishatulia, wataalamu hukaa na vipimo vyote vya ndege, rada, satelaiti, maboya na meli, wakaandika ripoti ya mwisho ya kimbunga hicho. Nyaraka hizi mbili mara nyingi hazikubaliani. Si kosa la mtu. Ya kwanza iliandikwa upepo ukivuma, ya pili iliandikwa data zikiwa mezani.

Rasimu ilivyofika

Mwandishi aliileta makala ikiwa nadhifu. Kila mwezi una kichwa chake, kila siku ina mstari wake, kila mstari una tanbihi. Kwa mtazamo wa haraka ilikuwa miongoni mwa makala zilizokamilika kuliko zote tulizokuwa nazo kwenye foleni. Aliianza kwa kufuata makala ya toleo la lugha nyingine, kisha akaongeza mambo kutoka habari za wakati ule.

Badala ya kueleza rasimu nzima, naweka hapa mstari mmoja kama ulivyokuwa, kwa sababu karibu kila tatizo la makala lilikuwamo ndani yake:

*Agosti 29, saa 12:10 – Kimbunga Katrina chaingia nchi kavu karibu na Buras, Louisiana, kikiwa cha daraja la 4, upepo wa kilomita 201 kwa saa. Watu 1,833 wafariki.*

Mahali ni sahihi, tarehe ni sahihi, na tanbihi ilielekeza kwenye ripoti ya mwisho ya Katrina, ambayo ndiyo chanzo bora kilichopo. Na bado mstari una makosa manne.

Mzunguko wa kwanza

Mhakiki wa Kwanza ni msomaji mzuri wa Kiswahili. Alirekebisha ngeli, akaondoa marudio ya neno "mnamo", akapinga neno "kimbunga" kutumiwa kwa kila hatua ya mfumo. Hoja hii ya mwisho ilikuwa na uzito: rasimu ilikuwa na mistari iliyosema kimbunga fulani "kimekuwa kimbunga". Walikubaliana kutumia ngazi ambazo msikilizaji wa taarifa za hali ya hewa redioni tayari anazijua: mgandamizo mdogo wa hewa, halafu dhoruba upepo ukifika noti 34, halafu kimbunga kuanzia noti 64, na kimbunga kikubwa kuanzia noti 96. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa.)

Baada ya hapo aliandika kwamba makala iko tayari. Mwandishi akashukuru. Kama taratibu zetu zingeruhusu makala kupita kwa mhakiki mmoja, ingepita siku hiyo, na mstari wa Katrina ungebaki vilevile, wenye Kiswahili safi zaidi.

Nilimwomba mtu wa pili kwa sababu moja tu: makala ina tarakimu nyingi, na hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa imeguswa katika maoni ya kwanza. Orodha ndefu kiasi kile, kutoka kwa mtu mmoja, bila tarakimu hata moja iliyokosewa? Sikuamini.

Mzunguko wa pili

Mhakiki wa Pili hakuisoma makala kutoka juu. Alianza kwa kuhesabu.

Utangulizi ulisema msimu ulikuwa na mifumo 31 kwa jumla, pamoja na ile iliyoishia kuwa mgandamizo mdogo. Alipohesabu mistari yenye maneno "wazaliwa" au "waanza", akapata 30. Majina kuanzia Arlene hadi Wilma ni 21. Herufi za Kigiriki kuanzia Alpha hadi Zeta ni 6. Migandamizo isiyopata jina ni 3, ile ya namba 10, 19 na 22. Jumla 30. Wa 31 uko wapi?

Wa 31 ni dhoruba isiyo na jina iliyopita karibu na visiwa vya Azores Oktoba 4 na 5. Wakati inapita, Miami hawakuitambua kuwa ni dhoruba ya aina inayopewa jina. Iligunduliwa data zilipopitiwa upya, na mwaka 2006 ikaongezwa kwenye rekodi. Mwandishi aliichukua hesabu ya jumla kutoka kwenye chanzo cha baadaye, lakini mistari ya Oktoba aliijaza kutoka kwenye habari za Oktoba yenyewe. Mwenye habari za siku ile hawezi kuipata dhoruba ambayo siku ile haikuwepo kwa mtu yeyote.

Hapo ndipo uhakiki ulipobadilika sura. Swali halikuwa tena "je, kuna makosa?" bali "kila mstari unasema kinachojulikana lini?"

Akarudi kwenye mstari wa Katrina.

*Daraja.* Taarifa za papo kwa papo za Agosti 29 ziliitaja Katrina kuwa ya daraja la 4 ilipofika Louisiana. Ripoti ya mwisho, iliyotoka Desemba 2005, iliishusha hadi daraja la 3, upepo noti 110. Vipimo vya ndege na rada vilipochambuliwa upya vilionyesha kwamba upepo karibu na uso wa bahari ulikuwa mdogo kuliko ule uliokadiriwa kutokana na upepo wa juu. Kwa hiyo tanbihi ilisema la 3, mstari ukasema la 4. Mwandishi hakuwa ameifungua tanbihi yake; aliirithi kutoka kwenye makala aliyoifuata, kisha akabadilisha maneno kwa kufuata habari aliyoikumbuka.

*Kasi.* Kilomita 201 kwa saa, kwa kipimo cha Saffir-Simpson, ni daraja la 3. Yaani mstari ulijipinga wenyewe, na msomaji yeyote mwenye jedwali la madaraja angeuona. Lakini hata 201 yenyewe ina kasoro, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda katika kisa hiki. Kituo cha Miami hukadiria upepo kwa noti, tena kwa hatua za noti 5. Noti 110 ni kilomita 203.7 kwa saa. Ukikadiria kwa hatua za 5 unapata 205. Mwandishi aliichukua kasi ikiwa tayari imegeuzwa kuwa maili 125 kwa saa, akaigeuza tena kuwa kilomita, akapata 201. Angeikadiria kwa hatua za 5 angeandika 200. Upepo mmoja, njia mbili za kufika, majibu mawili. Wilma nayo ilileta hali hiyohiyo kwa upande mwingine: kilele chake ni noti 160, ambazo ni kilomita 295 kwa saa, lakini ukipitia maili 185 unaishia kwenye 300. Na hiyo "201" ina ubaya wa ziada wa kujifanya sahihi hadi kilomita moja, wakati chanzo chenyewe kinakiri kukadiria.

Wamarekani wenyewe walikwama kwenye mtego huu kwa miaka. Noti 115 zilikuwa daraja la 4 kwa noti, lakini zikigeuzwa kuwa maili na kukadiriwa zinaangukia 130, ambayo wakati ule ilikuwa daraja la 3. Mipaka ya daraja la 4 ilirekebishwa mwaka 2012 kwa sababu ya hesabu ya namna hii, wala si kwa sababu upepo umebadilika tabia.

*Vifo.* Idadi ya 1,833 ndiyo iliyotajwa kwa miaka mingi kama vifo vya Katrina. Mwaka 2023 ripoti ya mwisho ya Katrina ilifanyiwa marekebisho na idadi ikawa 1,392. Mhakiki wa Pili alikuwa na hoja pana zaidi ya namba gani ni sahihi: kifo cha mtu aliyekufa hospitalini siku kadhaa baada ya mafuriko si tukio la Agosti 29, saa yoyote ile. Mstari wa mfuatano wa matukio unabeba kilichotokea kwa saa hiyo. Idadi ya vifo ina makala yake.

*Saa.* Hii inahitaji sehemu yake.

Ugomvi wa saa

Katrina iliingia nchi kavu Buras saa 1110 kwa saa za dunia, UTC. Louisiana ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana. Rasimu iliandika "saa 12:10", bila kusema asubuhi, mchana, ya wapi wala kwa hesabu gani. Mstari wa kuzaliwa kwake, Agosti 23, ulisema "saa 18:00", ambayo ni UTC iliyonakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye ripoti. Mistari mingine, saa 0300 UTC iligeuzwa kuwa "saa 9 usiku", kana kwamba tukio limetokea Greenwich na anayelisimulia ni mtu wa Tanga.

Mwandishi alisimama imara hapa, na sikumlaumu. Alisema msomaji wa Kiswahili akiona "saa 6:10 asubuhi" anacheka, kwa sababu saa sita si asubuhi. Kamusi elezo ya Kiswahili haina sababu ya kumwandikia mtu saa za kizungu. Mhakiki wa Pili akajibu kwamba makala inasomwa pia na mtu anayetaka kulinganisha mstari na ripoti, na huyo akiona 12:10 ataitafuta 1210 UTC, ambayo haipo.

Kila mmoja alikuwa sahihi kwa msomaji wake. Kilichowakwamua ni mstari wa Cindy.

Cindy iliingia Louisiana karibu na Grand Isle saa 0300 UTC, Julai 6. Kwa watu wa Grand Isle ilikuwa bado Julai 5, saa nne usiku. Rasimu ilikuwa na Cindy mara mbili: Julai 5 kama dhoruba, Julai 6 kama kimbunga, maeneo yaleyale. Ukisoma haraka unaona dhoruba ikiingia nchi kavu, kisha siku ya pili, juu ya nchi kavu, inakua kuwa kimbunga, kitu ambacho kingeshangaza kila mtabiri. Ukweli ni tukio moja. Taarifa za papo kwa papo ziliiita dhoruba, na habari za Marekani zikaweka tarehe ya pale. Ripoti ya mwisho iliipandisha kuwa kimbunga cha noti 65, ikaweka tarehe ya UTC.

Mwandishi akapendekeza waandike "usiku wa kuamkia Julai 6". Pendekezo zuri, maana usemi huo unazibeba tarehe zote mbili bila kusema uongo kwa yeyote: saa nne usiku wa Julai 5 ni usiku wa kuamkia Julai 6, na saa 0300 UTC ni Julai 6 yenyewe. Rita nayo, saa 0740 UTC Septemba 24, ilikuwa saa nane na dakika arobaini usiku huko mpakani mwa Texas na Louisiana. Usiku wa kuamkia Septemba 24, bila mvutano.

Lakini Zeta ikaharibu. Ilizaliwa saa 0000 UTC, Desemba 30, mbali baharini, kusini-magharibi mwa Azores. Usiku wa nani? Hapana mji, hapana mtu wa kuamka. Hapo Mwandishi mwenyewe aliona kwamba saa ya mahali ina maana pale tu penye mahali.

Maamuzi na sababu zake

Walikubaliana mambo matano, nami nikayaandika juu ya ukurasa wa majadiliano ili atakayekuja asianze upya.

La kwanza, kila mstari uanze na saa ya UTC kwa tarakimu nne, na tarehe ifuate UTC. Matukio ya kuingia nchi kavu, na hayo tu, yaongezewe saa ya mahali kwa Kiswahili, *kwa maneno*: "saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, saa za Louisiana". Tarakimu ni za UTC, maneno ni ya watu. Hakuna tena 12:10 ya kumkanganya mtu.

La pili, ripoti ya mwisho ndiyo inayotawala. Pale ilipotofautiana na taarifa za papo kwa papo kwa daraja au kwa aina, mstari uwe na sentensi fupi ya kusema hivyo. Mistari mitatu ya kuangaliwa kwanza ilikuwa Cindy, iliyopanda kutoka dhoruba kuwa kimbunga. Emily, iliyopanda kutoka daraja la 4 hadi la 5. Na Katrina, iliyoshuka. Sababu ya kuziandika tofauti hizo badala ya kuzifuta ni kwamba msomaji atakutana na magazeti ya 2005 na atadhani makala imekosea.

La tatu, kasi ichukuliwe kwa noti, igeuzwe mara moja kuwa kilomita kwa saa, ikadiriwe kwa hatua za 5. Maili za Kimarekani zikaondolewa kabisa.

La nne, dhoruba isiyo na jina iwekwe Oktoba 4 mahali pake, na ielezwe kuwa iliongezwa kwenye rekodi baada ya msimu. Mhakiki wa Kwanza alitaka iwekwe mwishoni kama nyongeza. Hoja iliyoshinda ni kwamba makala ni mfuatano wa yaliyotokea, haikusudii kuwa mfuatano wa lini Miami walijua. Namba za migandamizo hazikuguswa: Wilma ilianza Oktoba 15 ikiwa mgandamizo wa 24, na inabaki wa 24.

La tano, vifo na hasara vikatoka kwenye mistari.

Matokeo

Makala ilirudishwa kwa Mwandishi, na alipoileta tena ikapita. Mstari wa Katrina sasa unasomeka hivi:

*1110 UTC (saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, saa za Louisiana) – Kimbunga Katrina chaingia nchi kavu karibu na Buras, Louisiana, kikiwa cha daraja la 3, upepo wa noti 110 (kilomita 205 kwa saa). Taarifa za siku hiyo zilikitaja kuwa cha daraja la 4.*

Jedwali la safu tano lililokuwa kwenye rasimu liligeuzwa kuwa orodha ya kawaida. Jambo hili hakuna mhakiki aliyeligusa. Aliliona msomaji aliyefungua makala kwenye simu na kukuta safu ya kasi imekatwa nje ya kioo. Kielelezo cha rangi kinachoonyesha muda wa kila dhoruba kilibaki, na bado kinategemea rangi peke yake kutofautisha madaraja. Hilo halijashughulikiwa mpaka leo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuhesabu kabla ya kusoma. Kutafuta wa 31 hakukuhitaji ujuzi wa hali ya hewa. Kulihitaji mtu atakayeamini kwamba utangulizi na mistari lazima vikubaliane. Pengo hilo moja lilifichua namna makala yote ilivyoundwa: kichwa kutoka chanzo kimoja, mwili kutoka kingine. Tangu hapo, makala za orodha nikizipangia mhakiki, namtaka kwanza ahesabu.

Cha pili ni kuchukua mstari mmoja na kuuvunjavunja hadharani. Mhakiki wa Pili angeweza kuandika maoni ya jumla, "angalia vyanzo, oanisha saa", na Mwandishi angejibu "nimeangalia". Alipoweka mstari wa Katrina mezani na kuonyesha kwamba daraja la 4 na kilomita 201 haviwezi kukaa pamoja, hapakuwa na cha kubishania. Mwandishi alirekebisha mistari mingine mwenyewe kwa kufuata mfano ule.

Mpangilio wa uhakiki ndio ulioshindwa. Lugha ilipitiwa kwanza na data baadaye, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Mhakiki wa Kwanza ilipotea pale mistari ilipoandikwa upya. Alikasirika, na alikuwa na haki. Kosa hilo si la mhakiki yeyote, ni la foleni: mtu mwenye muda ndiye anayepewa, na watu wenye muda wa kusahihisha ngeli ni wengi kuliko wenye muda wa kufungua ripoti za kurasa nyingi.

Jingine ni mahali pa kujadiliana. Hoja ya "usiku wa kuamkia" ilijadiliwa zaidi kwenye kundi la WhatsApp kuliko kwenye ukurasa wa makala. Uamuzi ukaandikwa, sababu hazikuandikwa zote. Baadaye mhariri mwingine, kwa nia njema, alizigeuza saa zote za maneno kuwa tarakimu "ili zifanane", na ikabidi yatenguliwe na kuelezwa upya.

Na hapa naweka maoni yangu, ambayo wenzangu hawakuyakubali. Nadhani "usiku wa kuamkia" ulistahili kubaki katika mistari ya kuingia nchi kavu. Ndiyo, haupangiki kwa kompyuta, na kwa Zeta haufai. Lakini kwa Cindy na Rita ulikuwa wazi zaidi kuliko fomula tuliyoichagua, na msomaji wetu asingehitaji maelezo yoyote. Walioshinda walisema kanuni moja kwa mistari yote ni bora kuliko kanuni nzuri kwa mistari michache. Kwa mratibu hilo ni jibu rahisi kulisimamia.

Kuhusu tanbihi za kurithi: Mwandishi hakudanganya. Alinakili tanbihi sahihi kando ya sentensi aliyoibadilisha. Kwa nje, mstari wenye tanbihi sahihi na sentensi isiyo sahihi ni mbaya kuliko mstari usio na tanbihi, kwa kuwa huu wa pili angalau unamshtua msomaji. Tuliongeza swali moja kwenye fomu ya kuwasilisha makala: vyanzo vipi umevifungua mwenyewe? Watu wengi hujibu kwa ukweli, na jibu hilo humwambia mhakiki aanzie wapi.

Kanuni zilipohamia Bahari ya Hindi

Mwandishi mwingine alizichukua kanuni zile tano kama zilivyo kwa ajili ya msimu wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi wa 2018–19, wenye Idai na Kenneth. Mbili zilifaa mara moja. Idai iliingia nchi kavu karibu na Beira usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kwa hiyo ile kanuni ya UTC kwa tarakimu na saa ya mahali kwa maneno ilimsaidia kuepuka kuiandika mara mbili kama Cindy. Kuweka ripoti ya mwisho mbele ya taarifa za siku pia kulikuwa na maana.

Kanuni ya kasi ilimwangusha. Kituo cha eneo hilo kipo kisiwa cha Réunion, chini ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, nacho hutoa wastani wa upepo wa dakika 10. Miami hutumia wastani wa dakika 1, na Kituo cha Pamoja cha jeshi la Marekani kinachofuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi nacho hutumia dakika 1. Upepo uleule ukipimwa kwa dakika 1 hutoa namba kubwa kuliko kwa dakika 10. Rasimu yake ilichanganya vituo hivi viwili, Kenneth ikawa inaongezeka na kupungua nguvu kati ya mistari kwa sababu tu chanzo kilibadilika. Madaraja ya Saffir-Simpson nayo hayatumiki rasmi huko. Réunion wana ngazi zao. Hata mwanzo wa msimu ni tofauti: mwaka wa vimbunga huko huhesabiwa kuanzia Julai hadi Juni, kwa hiyo dhoruba inayovuka Januari, iliyotusumbua kwa Zeta, ni jambo la kawaida kabisa.

Kanuni ya tatu ikaandikwa upya kwa eneo hilo: chanzo kimoja cha kasi kwa makala nzima, Réunion, na muda wa wastani utajwe juu ya orodha kabla ya mstari wa kwanza. Rasimu ya msimu wa 2023–24, wenye Hidaya iliyofika kisiwa cha Mafia Mei 2024, imeanza hivyo. Mstari wa Hidaya una tatizo lake jipya, kwamba taarifa za mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania zilitolewa kwa saa za Kiswahili tangu mwanzo, na Mhakiki wa Pili bado anazioanisha na UTC moja baada ya nyingine.